Stuli bila futikamba: uchambuzi wa kisa cha mwanagenzi mmoja

## Wahusika na kazi yenyewe

Mwanagenzi wa kisa hiki hakuwa mgeni wa mbao. Alishafanya kazi za useremala muda wa kutosha kuaminiwa na meza, rafu na fremu, na sifa yake karakanani ilikuwa usahihi: ukimtajia sentimita 45, anakuletea sentimita 45. Kasoro yake, kwa maneno ya fundi aliyemsimamia, ni kwamba hakuwahi kukitazama kitu anachokitengeneza. Alitazama futikamba.

Fundi akaamua kumtibu kwa zoezi moja. Achore stuli yenye kiti cha mviringo na miguu minne iliyotanuka kuelekea nje, kisha aitengeneze kwa kufuata mchoro wake mwenyewe. Futikamba, rula, guni (kifaa cha kuhakikisha pembe mraba), pimamaji na bikari vikawekwa kando. Alibakiwa na penseli, karatasi, msumeno, shoka dogo, kisu, patasi, randa na keekee ya kutobolea. Mbao zilikuwa zimekauka vizuri, kwa hiyo hakuna kosa hata moja hapa linaloweza kusingiziwa mti mbichi.

Agizo lilitolewa kwa mdomo, kwa sentensi moja fupi: asipime, asitumie mwongozo. Naliweka hapa juu kwa sababu ndilo lililozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyofuata, ingawa wakati huo kila mmoja aliamini ameelewana na mwenzake.

Majina, mahali na kila kinachoweza kuwatambulisha wahusika kimeondolewa.

## Hatua ya kwanza: mchoro

Michoro ya mwanzo ilikuwa na mistari yenye manyoya. Kila mstari mrefu ulijengwa kwa vipande vifupi vifupi vilivyopandana, na mahali palipotakiwa mstari mmoja palikuwa na mitano isiyokubaliana. Mwanagenzi alikaa kitini, kiganja kimelala juu ya karatasi, macho yameng'ang'ania ncha ya penseli. Mkono uliokaa hivyo huzungukia kifundo, na kinachozungukia kifundo huchora tao. Akitaka mstari mrefu ulionyooka, ilimlazimu auvunje vipande kabla tao halijaonekana. Manyoya yalitoka hapo.

Fundi alimsimamisha. Karatasi ikabandikwa juu ya ubao ulioinuliwa, mkono ukaongozwa kutoka begani, na mwanagenzi akaambiwa aweke nukta mahali mstari unapoanzia na nyingine unapoishia, kisha aitazame ile ya mwisho tu. Kabla ya kugusa karatasi alipitisha mkono hewani juu ya njia ile ile mara kadhaa, kisha akaushusha bila kusita. Mistari ilinyooka siku ile ile. Haikuwa kamili, ila ilikuwa na nia moja, na mstari wenye nia moja ukikosea unaonekana ulipokosea.

Kiti kilisumbua zaidi. Duara likitazamwa kwa pembeni huonekana kama duaradufu, na duaradufu ya kweli haina kona popote. Hata kwenye ncha zake mbili, mstari hugeuka kwa ulaini. Yake ilikuwa imechongoka ncha zote mbili. Nyayo za miguu yote minne alizipanga kwenye mstari mmoja chini ya karatasi, jambo ambalo lingewezekana tu kama jicho lingekuwa usawa wa sakafu, ilhali kiti alikichora kama kinachotazamwa kutoka juu. Alichora anachokijua (miguu yote inagusa chini) badala ya anachokiona.

Dawa iliyofanya kazi ilikuwa nyepesi: geuza karatasi juu chini, kisha itazame kwa kioo. Mchoro ukigeuzwa, jicho hupoteza mazoea yake nao, na mara moja aliona stuli nzima inaegemea upande mmoja. Alipoilaza karatasi kwa ubavu aliona pia kuwa stuli ni fupi kuliko alivyokusudia. Hili la pili lina sababu inayojulikana: mstari wa kusimama huonekana mrefu kuliko wa kulala ulio sawa nao, kwa hiyo anayechora kwa jicho huwa mwepesi wa kuukatia mstari wa kusimama mapema. Akarefusha miguu, akaendelea.

## Hatua ya pili: kiti

Alichora duara juu ya ubao kwa mkono mtupu, akiuzunguka ubao polepole, na duara lilikuwa zuri kuliko fundi alivyotarajia. Kuharibika kuliingia kwenye kukata. Baada ya msumeno na shoka, alianza kusawazisha ukingo kwa randa na kisu, na kadiri alivyosawazisha ndivyo kiti kilivyozidi kuwa yai.

Mti si mgumu sawasawa pande zote. Kwenye ubavu, ambako nyuzi zinakimbia sambamba na ukingo, chombo huteleza na kutoa utepe mrefu. Kwenye vichwa, ambako nyuzi zimekatwa na kuelekeza ncha zake nje, chombo hukwama na kutoa unga. Mkono unaosukuma kwa nguvu ile ile pande zote utakula ubavu zaidi na kuacha vichwa. Kwa hiyo yai lake lilirefuka kufuata nyuzi, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayehesabu misukumo badala ya kuangalia kinachobaki.

Aligunduaje? Alikisimamisha kiti kwa ukingo na kukibiringisha sakafuni. Gurudumu la mviringo halipandi wala halishuki. Lake lilipanda na kushuka mara mbili kila mzunguko, na kila alipoliachia lilitulia kwa ubavu ule ule. Alipofumba macho na kupitisha kiganja ukingoni alihisi pia mahali tao linapovunjika, pengine kabla jicho halijapaona.

Hapa ulifanyika uamuzi ninaouhesabu kuwa bora katika kisa chote, na ulikuwa wa mwanagenzi peke yake. Aliacha kulifukuza duara. Kila jaribio la kurekebisha lilikuwa linapunguza kiti, na asingeweza kurudisha mti alioukwisha kuukata. Akalikubali yai, akalisawazisha liwe yai la makusudi, lenye ulinganifu pande zote mbili za urefu wake, na akaandika pembeni ya mchoro kuwa umbo limebadilika.

## Hatua ya tatu: miguu

Mguu wa kwanza aliukata kwa kukadiria kutoka kwenye mchoro, na urefu wake ulikuwa wa kuridhisha. Wa pili aliukata kwa kuulaza wa kwanza juu yake. Wa tatu aliukata kwa kuulaza wa pili. Wa nne kwa kuulaza wa tatu.

Alipoisimamisha yote pamoja na kupitisha kiganja juu ya vichwa vyake, ilikuwa ngazi. Kila mguu uliuzidi ule uliotangulia, bila hata mmoja kukosa zamu.

Mafundi wengi wangesema mkono ulitetereka, lakini mkono ungetetereka, mguu mmoja ungezidi na mwingine ungepungua. Kosa lililokwenda upande mmoja mara tatu mfululizo lina chanzo cha kudumu. Kila mara alichora mstari nje ya ncha ya mguu wa kunakili, kisha akakata kwa kuubakiza mstari ule, kama alivyozoea kufanya kwa usalama. Ikiwa mstari wa penseli butu una unene wa milimita 1, mguu wa nne utauzidi wa kwanza kwa milimita 3 hata kama msumeno umekwenda vizuri kila mara. Kosa la namna hii halijisahihishi lenyewe kwa kurudiarudia. Nakala ya nakala hulirithi na kuliongeza.

Ajabu ni kwamba hata kulaza mguu juu ya mguu alikufanya kwa kujificha. Kwa tafsiri yake, agizo lilikataza hilo pia. Mguu wa kwanza alikuwa amejaribu kuukariri kwa macho, akaupeleka urefu huo kichwani mpaka kwenye ubao wa pili, akaona haiwezekani, ndipo akaiba nakala moja moja haraka haraka. Miguu ilipotoka ngazi, alilazimika kuuliza.

"Fundi, nikilaza mguu juu ya mguu nitakuwa nimepima?"

"Nilikataza namba. Mti kuupima mti mwenzake sikukataza."

Kuanzia hapo kazi ilibadilika sura. Ule mfupi kuliko yote ukachaguliwa kuwa kiongozi, ukatiwa alama, na mingine mitatu ikapunguzwa kwa kulinganishwa nao peke yake. Ilichukua muda mfupi.

## Hatua ya nne: matundu

Ili miguu ikae vizuri alihitaji katikati ya kiti, na alama nne zilizoachana sawasawa kuizunguka. Katikati aliipata kwa jicho, akiwa amesimama mahali pamoja. Alama iliangukia kushoto kidogo. Hilo halikuwa uzembe: watu wengi wakiambiwa wagawe mstari wa kulala katikati kwa jicho, huweka nusu yao kushoto kidogo ya nusu ya kweli. Kosa la jicho lisilobadilika lina faida moja, nayo ni kwamba linaweza kugeuzwa lijiue lenyewe. Weka alama, zungusha ubao nusu mzunguko, weka nyingine. Katikati ya kweli iko kati ya alama hizo mbili. Njia nyingine, ambayo ndiyo aliyoishia kuitumia, ni kukilaza kiti juu ya ncha ya kidole mpaka kitulie bila kuanguka. Ubao wenye unene sawa hutulia juu ya kitovu cha uzito wake, uwe duara au yai.

Alama nne alizipata kwa karatasi iliyokatwa kwa umbo la kiti na kukunjwa mara mbili. Hapa tena alisita akidhani anavunja sheria, na fundi akacheka tu.

Kutoboa ndiko kulikokwenda vibaya kuliko hatua zote, na sehemu hii naieleza kwa kirefu kwa sababu kosa lake ni la mwili, si la jicho. Kila tundu lilitakiwa kulala kuelekea nje kwa kiasi kimoja. Aliubana ubao kwenye jiriwa ya benchi, akatoboa la kwanza, kisha *akazunguka yeye* kwenda la pili, la tatu na la nne. Matundu mawili ya mwanzo yalilingana. La tatu lililala zaidi, na la nne lililala kwa kiasi kile cha kwanza ila lilikengeuka kwenda pembeni.

Jicho linaona vizuri sana kitu kinachoinama kushoto au kulia mbele yake. Linaona vibaya sana kitu kinachoinama kuelekea kwake au kwenda mbali naye. Keekee inayomjia mtobozi usoni huonekana imesimama wima hata ikiwa imelala sana. Kwa hiyo kila tundu linahitaji mitazamo miwili: kwanza usimame kwenye mstari unaopita katikati ya kiti na kwenye alama ya tundu, uhakikishe keekee haiendi kushoto wala kulia ya mstari huo, kisha utazame ukiwa ubavuni, uone kiasi cha kulala. Mwanagenzi alitazama mara moja tu kwa kila tundu, na kila mara kutoka pembe tofauti, kwa sababu benchi upande mmoja lilikuwa limesogelea ukuta na hakupata nafasi ya kusimama alivyosimama mwanzo.

Fundi alimwonyesha jambo moja baada ya hapo: zungusha kiti, wewe baki mahali pamoja. Miguu yako ikiwa pale pale, mwanga ukitoka upande ule ule, na kiwiko kikiwa kwenye urefu ule ule, kosa lako litafanana kwenye matundu yote manne. Miguu minne iliyolala kidogo kupita ilivyochorwa inaonekana imekusudiwa. Mguu mmoja uliolala kuliko wenzake unaonekana umevunjika.

Ilishauriwa kuziba tundu la nne kwa kigingi na gundi, kisha kutoboa upya. Mwanagenzi alikubali. Tundu la tatu liliachwa.

## Hatua ya tano: kusawazisha nyayo

Stuli iliposimama ilicheza, kama ilivyotarajiwa. Miguu mitatu hukaa juu ya sakafu yoyote bila kucheza, kwa sababu nukta tatu daima zinapata bapa moja linalozipitia zote. Mguu wa nne ndio huleta ugomvi.

Mwanagenzi alianza kukata mguu aliousikia ukigonga sakafu. Stuli ikazidi kucheza. Akakata ule wa mkabala, ikacheza zaidi. Mantiki yake ilieleweka, ila ilikuwa kinyume. Stuli inayocheza huegemea miguu miwili ya kona zinazokabiliana, ambayo haiinuki kamwe, na hiyo ndiyo iliyozidi urefu. Ile miwili inayopokezana kugonga ndiyo mifupi. Alikuwa anawapunguza waliokwisha kupungukiwa.

Fundi alimwacha akate mara kadhaa kabla ya kuingilia, na sikubaliani naye hapa. Somo lilikuwa limeshaingia kwenye kipande cha pili. Vilivyofuata viliishushia stuli kimo tu.

Njia iliyomaliza kazi ilikuwa hii. Stuli iliwekwa juu ya meza tambarare, vikabari vidogo vikasukumwa chini ya miguu mifupi mpaka kiti kikaonekana kimelala sawa kutoka pande zote. Kisha penseli ikalazwa juu ya kipande cha mbao kinachozidi kidogo pengo kubwa kuliko yote, na kipande hicho kikazungushwa kila mguu huku penseli ikiacha alama. Alama zote nne zinakuwa kwenye kimo kimoja kutoka mezani. Akakata kwenye alama. Stuli ikatulia.

## Matokeo

Stuli inakalika na haichezi. Ni fupi kuliko mchoro, kiti chake ni yai, na mguu mmoja umetanuka kuliko wenzake kiasi ambacho mtu asiyeambiwa hukiona baada ya kuitazama kidogo. Muda uliotumika ulikuwa mrefu kuliko ambao mwanagenzi angetumia na futikamba. Mchoro wake wa mwisho, alioufanya baada ya kumaliza, una duaradufu isiyochongoka na nyayo zilizokaa mahali pake.

## Uchambuzi

Kilichofaulu katika kisa hiki kila mara kilikuwa ulinganisho wa moja kwa moja: mguu kwa mguu kiongozi, nusu ya karatasi kwa nusu yake ya pili, nyayo kwa meza. Jicho na kiganja ni hodari sana wa kusema vitu viwili vilivyo pamoja vinalingana au havilingani. Ni dhaifu mno wa kukumbuka ukubwa. Kilichoshindwa nacho kilikuwa na sura moja: urefu ulibebwa kichwani, au ulipitishwa kwenye nakala ya nakala, au mtazamo ulibadilika kati ya kipande na kipande. Kwa hiyo anayesema alifanya kazi "bila vipimo" mara nyingi amefanya kazi bila namba, na vipimo vyake vimelala benchini vikiwa na umbo la mguu au karatasi iliyokunjwa.

Agizo lilikuwa na kasoro, na siwezi kuitupa yote kwa mwanagenzi. Neno "mwongozo" lingeweza kumaanisha guni, na lingeweza kumaanisha mguu wa kwanza. Mtu aliyezoea kutii vipimo atatii agizo kwa ukali ule ule, na ndivyo alivyofanya mpaka akawa anaficha njia ambayo ingemfundisha. Fundi alimwondolea vyombo kabla ya kumpa mbinu ya kushika nafasi yake. Ipo hoja kwamba mbinu inayogunduliwa kwa taabu hukaa zaidi. Huenda. Ila mbinu za nusu mzunguko, kidole cha mizani na kubiringisha ukingo zingeweza kuonyeshwa kwa dakika chache, na taabu iliyobaki bado ingetosha.

Chaguo la miguu minne nalo linahitaji kuulizwa. Kwa zoezi la kwanza la mkono mtupu, miguu mitatu ingeondoa hatua ya tano yote na kuacha nguvu kwa matundu, ambako kulikuwa na mengi ya kujifunza. Fundi alijibu kuwa alitaka mwanagenzi akutane na stuli inayocheza. Ni jibu la haki, mradi mtu akubali kwamba somo la nyayo lilikula mwanga wa somo la kutoboa, na tundu la tatu likabaki kama lilivyo.

Mpaka wa njia hii uko wazi. Kitu kinachotengenezwa na mkono mmoja, mahali pamoja, sehemu zake zote zikiwa mezani, hakihitaji namba. Mlango utakaoingia kwenye fremu iliyoko kwingine, droo ya badala, kipande kinachoagizwa kwa fundi mwingine, hivyo vinahitaji, kwa sababu huwezi kulaza kimoja juu ya kingine. Mwanagenzi amerudia futikamba kwa kazi za namna hiyo. Kwa miguu ya meza sasa hukata mmoja, huutia alama, na hulinganisha mingine nao.

Agizo la zoezi limeandikwa upya na limebandikwa karakanani: namba hazitumiki, mti unaweza kulinganishwa na mti, karatasi inaweza kukunjwa, na kitu kinaweza kugeuzwa mara nyingi utakavyo. Benchi limesogezwa kutoka ukutani.